Chini ya Kiti cha Mfalme

Kiti cha kale mimi sikitazami usoni. Nakipindua miguu juu, nakilaza kwenye blanketi, kisha nashusha taa mpaka ndani ya fremu ya kukalia. Upande wa mbele ni mali ya mteja: huko fundi alichonga, akalainisha, akapaka rangi. Upande wa chini ni wake mwenyewe. Huko aliharakisha, maana hakuna aliyemlipa kwa uzuri wa mahali pasipoonekana, na haraka yake ikaacha ushahidi: mikwaruzo ya randa, mistari ya kupimia iliyochorwa kwa ncha ya chuma, tone la gundi lililokaukia njiani, pengine na herufi mbili tatu zilizogongwa kwa nyundo. Ukitaka kujua kiti kilitengenezwa na nani, lini, na kwa ajili ya nani, anza huko.

Mimi ni mtoto wa seremala wa Tanga. Baba alitengeneza milango na vitanda, nami nilitambua mninga na mvule kwa harufu ya vumbi la msumeno kabla sijajua kusoma. Leo nakarabati samani za zamani katika karakana moja mjini Göteborg, pwani ya magharibi ya Uswidi, na nyingi zinazopita mikononi mwangu ni za mtindo uitwao wa Gustav. Jina hilo limetokana na Mfalme Gustav III, aliyetawala kuanzia 1771 hadi 1792, ingawa mafundi waliendelea na mtindo huo mpaka yapata mwaka 1810. Huenda umeuona kwenye picha za nyumba za Ulaya: kiti chenye mgongo wa duara la yai au wa pembe nne, miguu minyoofu inayopungua unene kuelekea chini, mifereji myembamba iliyochongwa kwenye miguu hiyo, ua dogo la mviringo pale mguu unapokutana na fremu, na kote kumepakwa rangi ya kijivu inayokaribia weupe.

Baba aliniuliza kwa simu samani hizo ni za mbao gani. Nikamwambia viti vingi ni vya mbetula, mti wa huku wenye gome jeupe, na makabati na meza nyingi ni paini. Akanyamaza kidogo.

"Mwanangu, paini hii hii ya makreti?"

"Hiyo hiyo, baba."

"Na wanaiita ya kifalme?"

Wateja wangu hawaniulizi swali zuri kama hilo. Wao huuliza bei. Jibu ninaloliamini ni kwamba mfalme alileta umbo, lakini kilichoufanya mtindo huu kuwa wa Kiswidi ni upungufu: upungufu wa fedha, wa mwanga na wa kuni. Na waliougeuza upungufu huo kuwa uzuri ni watu ambao mfalme hakupata kuwajua majina.

Tuanze na mfalme, kwa kuwa yeye ndiye aliyepewa sifa zote. Mwaka 1771 Gustav alikuwa Paris, mrithi wa kiti cha enzi mwenye umri wa miaka 25, habari zilipomfikia kwamba baba yake, Adolf Fredrik, amefariki. Alirudi nyumbani akiwa amelewa kila kitu cha Kifaransa: tamthilia, mavazi, lugha, na mapambo ya ndani. Agosti 1772 alifanya mapinduzi dhidi ya bunge lake mwenyewe, lililokuwa limewafunga wafalme mikono kwa zaidi ya nusu karne. Wakati ule Paris ilikuwa imechoka na samani za kujipinda, zenye miguu iliyobetuka na nakshi za makombe ya baharini. Uchimbaji wa magofu ya Herculaneum, ulioanza 1738, na wa Pompeii, ulioanza 1748, ulikuwa umeamsha hamu ya Ugiriki na Roma ya kale. Mstari mnyoofu ukawa ndio ustaarabu. Mguu wa kiti ukawa nguzo ya hekalu, pindo la meza likapambwa kama paa la hekalu, na shada la majani likatundikwa juu ya kila kioo.

Fundi aliyeileta ladha hiyo Stockholm kwa mikono yake ni Georg Haupt, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1741. Baada ya uanagenzi wake alisafiri kama walivyosafiri mafundi vijana wa zama hizo, akafanya kazi Paris na London, na mwaka 1769 akaitwa nyumbani kuwa seremala wa mfalme. Sanduku la kuhifadhia madini alilolikamilisha 1774 lilipelekwa na Gustav kama zawadi kwa Prince de Condé wa Ufaransa, na mpaka leo lipo katika kasri la Chantilly. Hapo hutaona paini kwa nje. Utaona vinia nyembamba za mbao za rangi mbalimbali zilizopachikwa zikawa picha za vifaa vya wachimba madini, na shaba iliyotiwa dhahabu pembeni. Ni kazi ya mtu aliyejua kwamba Wafaransa wataikagua wakitafuta kosa. Haupt alifariki 1784, kabla ya kufikisha miaka 45.

Lakini samani za Haupt zilikuwa za wachache mno. Uswidi ya wakati ule ilikuwa nchi kubwa yenye watu wachache na hazina iliyokauka. Vita vya mwanzoni mwa karne vilikuwa vimeila himaya yake, na serikali, ili kuzuia fedha zisitoroke nje, ilitunga sheria baada ya sheria dhidi ya anasa kutoka ng'ambo. Mahogani ilisafiri kutoka mbali na ilikuwa ghali. Paini na mbetula zilikuwa nyuma ya nyumba. Bwana wa shamba aliyealikwa ikulu, akaona viti vilivyotiwa jani la dhahabu, alirudi kijijini kwake na picha kichwani na mfuko mwepesi. Akamwita seremala wa karibu, akamweleza alichokiona.

Kilichotokea baada ya hapo ndicho ninachokipenda katika kazi hii. Seremala alichukua umbo la Paris akaondoa kila kilichohitaji fedha. Shaba ikaondoka, pahali pake pakachongwa ua dogo la mbao. Vinia ikaondoka, pahali pake pakaja rangi. Jiwe la marumaru juu ya meza likawa ubao uliochorwa mishipa ya marumaru kwa manyoya ya ndege na brashi. Hata dhahabu ikabaki kwenye mstari mwembamba tu, au ikaachwa kabisa. Kilichosalia ni uwiano: mguu una unene huu, mgongo una kimo hiki, mifereji ina nafasi hii. Pambo linaweza kuficha uwiano mbaya. Hapa halikuwepo la kuuficha, kwa hiyo fundi alilazimika kuupata sawasawa.

Mijini kazi hiyo ilifanywa chini ya vyama vya mafundi. Stockholm ilikuwa na chama cha watengeneza viti na chama kingine cha maseremala wa kabati na meza, na kila kimoja kililinda mipaka yake. Mtoto aliingia kama mwanagenzi, akawa fundi wa kuajiriwa, na hakuweza kufungua karakana yake mpaka awasilishe kazi ya mtihani mbele ya wakuu wa chama. Kiti kimoja kilipita kwa watu wengi: mwenye fremu, mchongaji, mpaka rangi au mtia dhahabu, na fundi wa kitambaa. Watengeneza viti wa Stockholm waligonga alama ndani ya fremu ili kazi mbaya imrudie mwenyewe. Ndiyo herufi ninazozitafuta kwa taa. Ephraim Ståhl, aliyetawala soko la viti mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa ile ya 19, aligonga alama yake, na leo alama hiyo peke yake inaweza kuipandisha bei ya kiti mara kadhaa. Viti viwili vikisimama pamoja, vya mbao moja na uzuri mmoja, kimoja kina jina na kingine hakina, mnunuzi atalipia jina.

Sasa rangi. Wageni hudhani weupe na kijivu cha samani hizi ni upole wa tabia ya Waswidi. Njoo Desemba. Stockholm inapata kama saa sita za mwanga kwa siku, na huo mwanga wenyewe umelala chini, umepauka. Mshumaa wa nta ulikuwa anasa, na wa mafuta ya ng'ombe ulitoa moshi na harufu. Katika chumba cha namna hiyo, mbao ya rangi nzito inameza kila mwale. Kwa hiyo walipaka kuta kwa rangi nyepesi, sakafu wakaiacha mbao tupu zilizosuguliwa kwa mchanga na maji mpaka zikawa nyeupe, na samani wakazipaka kwa mafuta ya mbegu za kitani yaliyochanganywa na unga mweupe wa risasi, kisha chembe ya mkaa au ya buluu ili weupe ule upoe. Juu ya meza ya ukutani waliweka kioo kirefu chenye fremu ya dhahabu, na mbele ya kioo mkono wa kushikia mishumaa. Mshumaa mmoja ukawa miwili. Hata mistari myembamba ya dhahabu kwenye fremu ilikuwa na kazi, kwa sababu dhahabu hushika mwali wa moto na kuurudisha chumbani.

Rangi hiyo ya mafuta ya kitani haifi haraka. Ninapokwangua kwa kisu kikavu, bila dawa yoyote, naweza kukuta tabaka nne au tano: kahawia ya karne ya 19, nyeupe ya siku za karibuni, kijani ya mtu aliyekuwa na kopo lililobaki, na chini kabisa kijivu cha kwanza, kigumu kama ganda, kikiwa kimeshikamana na mbao. Kazi hii huenda taratibu sana, kipande cha ukubwa wa kiganja kwa wakati, na ndiyo sababu wateja hulalamikia bili yangu.

Upungufu wa tatu, ule wa kuni, ndio ulioamua samani zikae wapi. Inashangaza kusikia nchi ya misitu ikilia kuhusu kuni, lakini Uswidi iliishi kwa kuuza chuma nje, na matanuri ya chuma yalikula mkaa usiku na mchana. Mahali pa moto pa kawaida ndani ya nyumba palitupa joto karibu lote juu ya paa. Mwaka 1767 watawala waliwapa kazi Carl Johan Cronstedt, ambaye alikuwa msanifu majengo, na Fabian Wrede, wabuni jiko la kupashia nyumba joto linalokula kuni kidogo. Jibu lao lilikuwa mnara wa matofali ambao ndani yake moshi unalazimishwa kupanda, kushuka na kupanda tena kwenye mifereji kabla ya kutoka. Matofali yanashika joto, na kwa kuni za mara moja au mbili kwa siku chumba kinabaki na joto kwa saa nyingi. Nje ya mnara walibandika vigae vyeupe vilivyochorwa maua.

Kabla ya jiko hilo, wakati wa baridi familia ilikusanyika mbele ya moto, na pembe za chumba ziliachiwa baridi. Baada yake chumba kizima kikakalika. Viti vikapangwa kando ya kuta zote, kochi refu likaweza kukaa mbali na moto, meza nyepesi zikabebwa huku na huko kufuata mwanga wa dirisha. Watu wanaposifu nafasi na hewa ya sebule za enzi za Gustav, mimi huwaelekeza kwenye jiko lililo kwenye kona.

Nimesema habari za utulivu na uwiano. Mambo hubadilika ukifungua kabati la vyombo vya kunywea.

Huko Waswidi hawakujibana. Kabla glasi hazijaenea, bia ya nyumbani ilinywewa kwenye kåsa, bakuli la mbao lenye mikono miwili, ambalo mikono yake wachongaji waliigeuza vichwa vya farasi au taji lenye kimo kuliko bakuli lenyewe. Kulikuwa na makopo ya mbao yaliyofungwa kwa pete za matawi kama mapipa madogo, yenye mkono na kifuniko. Kulikuwa na kata ndogo zenye umbo la ndege, zilizoelea juu ya bia ndani ya bakuli kubwa, na kila mgeni akavua ndege wake akateka. Kaskazini kabisa, Wasami walichonga kikombe cha guksi kutoka kwenye nundu ya mbetula, ule uvimbe unaoota kwenye shina, kwa kuwa nyuzi zake zimejisokota kila upande na hazipasuki upesi. Wengi hukichemsha kwenye maji ya chumvi kabla hakijakauka. Vyombo hivi vilipita mkono kwa mkono harusini na mazikoni. Vilipakwa rangi nyekundu, vikaandikwa mwaka na herufi za majina ya wenyewe. Fundi yule yule wa kijiji aliyechonga mguu mnyoofu wa kiti cha bwana, usiku wa baridi alimchongea jirani yake kichwa cha farasi chenye shingo iliyopinda. Mstari mnyoofu ulikuwa wa sebuleni. Mezani kwa bia mambo yalikuwa mengine.

Matajiri walikuwa na fedha. Makopo ya fedha ya karne ya 17 na 18, yenye vifuniko na miguu ya vitufe, mara nyingi yalipachikwa sarafu au medali kwenye kifuniko, na hivyo yalikuwa chombo na akiba kwa pamoja: siku ya shida, yanapimwa na kuyeyushwa. Glasi nazo zilikuwa na historia yao. Kiwanda cha Kungsholm mjini Stockholm, kilichoanzishwa 1676 na Mwitaliano Giacomo Bernardini Scapitta, kilitengeneza bilauri ndefu zenye vifuniko, mashina yaliyosokotwa yakawa taji, na herufi za jina la mfalme zilizochorwa kwa gurudumu dogo la kukata kioo. Nyingi za zile za mwanzo leo zina ugonjwa: mchanganyiko wake ulizidi majivu ya chumvi, na kioo kinatoka ukungu na nyufa nyembamba zisizotibika. Makumbusho huzihifadhi kwenye hewa iliyopimwa.

Mwaka 1742 magavana wawili, Anders Koskull na Georg Bogislaus Staël von Holstein, walianzisha kiwanda cha kioo katika misitu ya Småland, wakaunganisha mianzo ya majina yao kikaitwa Kosta. Walienda huko kufuata kuni. Tanuri la kioo halizimwi, na Småland ilikuwa na miti mingi na udongo mbaya wa kilimo. Tanuri hilo likawa na faida ambayo waanzilishi hawakuipanga. Usiku wa baridi wapita njia, vibarua na wasio na makao waliingia kujipasha joto, wakaoka samaki wa chumvi kwenye tanuri la kupoozea kioo, wakapiga hadithi mpaka asubuhi. Mlo huo unaitwa hyttsill, na viwanda vya Småland bado huuandaa kwa watalii, kwa bei ambayo ingewashangaza wale wa kwanza.

Ndani ya vyombo hivyo kulikuwa na siasa. Brännvin, pombe kali ya nafaka, ilipikwa karibu kila kaya. Eva Ekeblad, mwanamke wa ukoo wa makabaila, alionyesha katika miaka ya 1740 kwamba viazi vinaweza kutoa unga na pombe, na 1748 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika Chuo cha Sayansi cha Kifalme cha Uswidi. Gustav III aliona fedha katika mitungi hiyo. Mwaka 1775 aliifanya biashara ya kutengeneza pombe kuwa mali ya taji pekee, akajenga viwanda vya serikali, na kupika nyumbani kukawa kosa. Msomaji aliyekulia kijijini kwetu anajua jinsi vita dhidi ya gongo inavyokwenda: mitambo ilihamia porini, askari wakachukiwa, na hazina haikupata ilichotarajia. Mwaka 1787 mfalme alirudi nyuma na kuwaruhusu wakulima tena kwa malipo. Glasi ndogo za pombe kali, zenye mguu mfupi mzito ili zisianguke mezani, zinazouzwa leo kwa jozi minadani, zilijaa kwa njia hiyo.

Kahawa nayo ilipigwa marufuku: 1756, tena 1766, 1794, 1799 na 1817, na kila mara watu waliendelea kuinywa kimyakimya mpaka marufuku ikachoka. Punchi ilipata bahati zaidi. Kampuni ya Uswidi ya India ya Mashariki, iliyoanzishwa hapa Göteborg mwaka 1731, ilileta chai, hariri na kaure za China, na pamoja nazo araki ya Java na ya Goa. Ile ya Goa ilitokana na tembo la mnazi, kitu ambacho babu zangu wa Tanga wangekitambua kwa pua. Waswidi waliichanganya na sukari, ndimu, maji na viungo kwenye bakuli kubwa la kaure lililoagizwa Canton, likiwa na nembo ya ukoo iliyochorwa na Mchina ambaye hakuwahi kuiona Uswidi. Bakuli hilo likawekwa juu ya meza ya paini iliyopakwa ifanane na marumaru. Nikiona vitu hivyo viwili pamoja mnadani, naona kila kimoja kikijitahidi kuigiza kitu cha mbali, na vyote vimefaulu.

Nirudi kwa mafundi, kwa maana mtindo huu haukuishi kwa ajili ya Stockholm. Kusini mwa Göteborg kuna Lindome. Ardhi yake ilikuwa na mawe mengi na mashamba madogo, na wakulima wake walitengeneza viti, makabati na meza baada ya msimu wa shamba, wakavibeba kwenda kuviuza mjini. Hawakuwa wanachama wa chama chochote cha mafundi. Walitazama kiti kipya cha mjini, wakarudi nacho kichwani, na baba akamfundisha mwana umbo lile lile kwa vizazi. Ndiyo maana kiti cha Lindome chenye sura ya 1790 kinaweza kuwa kimetengenezwa 1830. Wanunuzi hukiita cha kunakili. Mimi nimevifungua viti vya Lindome vilivyolegea, na ulimi wa kila kiungo ulikuwa umeingia kwenye tundu lake kwa kubana kuliko viti fulani vya Stockholm vilivyogongwa jina.

Katika jimbo la Dalarna, kwenye vijiji vya Mora, na hasa Östnor, njaa ilizaa saa. Mashamba yaligawanywa kwa urithi mpaka yakawa vipande visivyolisha familia. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 18 kaya ziligawana kazi: nyumba moja ilisubu shaba, nyingine ilikata meno ya magurudumu, nyingine ilitengeneza kengele, nyingine uso wenye tarakimu. Saa ya zamani kabisa inayojulikana ina herufi za Krång Anders Andersson wa Östnor na mwaka 1792, mwaka ule ule ambao Gustav alipigwa risasi katika karamu ya vinyago kwenye jumba la opera, Machi 16, akafa siku 13 baadaye. Wauzaji walibeba mtambo peke yake mgongoni, bila sanduku. Mnunuzi alimpa seremala wa kijiji chake atengeneze sanduku la paini, na ndiyo sababu masanduku hayo yanatofautiana toka wilaya hadi wilaya: kiuno chembamba hapa, tumbo nene kule, shingo ndefu kwingine. Saa za viwandani kutoka Marekani na Ujerumani ziliiua biashara hiyo katika karne ya 19. Ujuzi wa kusubu shaba haukufa nayo. Östnor ikageukia mabomba ya maji, na kampuni ya FM Mattsson, iliyoanzishwa huko 1865, bado inatengeneza bomba za jikoni.

Baada ya 1810 ladha ilibadilika. Uswidi ilikuwa imeipoteza Finland mwaka uliotangulia, ikamchagua jemadari wa Kifaransa, Bernadotte, kuwa mrithi wa taji, na sebule za matajiri zikajaa mahogani nyeusi na tai wa dhahabu. Viti vya kijivu vilihamishiwa vyumba vya watumishi, darini na jikoni. Vikapakwa kahawia vifanane na mahogani. Huo uhamisho ndio uliotuokolea vingi, kwa sababu hakuna anayejisumbua kuharibu kiti cha jikoni.

Heshima yake ilirudi mwishoni mwa karne hiyo. Artur Hazelius, aliyeanzisha makumbusho ya Nordiska 1873 na ya wazi ya Skansen 1891, aliwafundisha Waswidi kwamba kopo la bia la mkulima linastahili kabati la kioo. Mchoraji Carl Larsson na mkewe Karin, kijijini Sundborn, walivikusanya viti vya kizamani vilivyodharauliwa, wakavipaka rangi upya, na michoro ya nyumba yao, iliyochapishwa 1899, ikaingia kila sebule. Mara viwanda vikaanza kutoa nakala za samani za Gustav kwa wingi. Nakala hizo sasa zina zaidi ya miaka 100, na nyingi zinauzwa kama za kweli. Hapo ndipo kupindua kunasaidia. Msumeno wa duara huacha mikwaruzo ya upinde. Wa mkono huacha mistari iliyonyooka isiyolingana. Meza ya mviringo ya kweli haibaki ya mviringo, kwa kuwa mbao hunywea kwa upana kuliko kwa urefu, na baada ya miaka 200 futi itakuonyesha tofauti. Mtoto wa meza aliyevutwa vizazi vinane amelika chini, pande zote mbili, na reli zake zimelika naye.

Madhara makubwa hayakutoka kwa walaghai. Katika miaka ya 1970 paini tupu ilikuwa ndiyo fasheni, na watu walitumbukiza makabati mazima kwenye mapipa ya magadi makali ili yatoke yamevuliwa rangi. Gundi ikalegea, nyuzi za mbao zikasimama, na tabaka za miaka 200 zikaenda na maji machafu. Miaka ya 1990 IKEA, kwa kushirikiana na taasisi ya taifa ya urithi wa kale, ilitoa mfululizo wa nakala za samani za karne ya 18. Wenzangu wengi walicheka. Mimi sikucheka: nakala inayotangaza kuwa ni nakala haimdanganyi mtu, na kila aliyeinunua aliliacha kabati la bibi yake salama, mbali na pipa la magadi.

Kwa hiyo ukijikuta Uswidi na akiba kidogo, ukataka kipande cha enzi hiyo, acha herufi za Stockholm kwa wenye kukusanya herufi. Nunua kiti cha Lindome kisicho na jina, au kata ya bia yenye mwaka uliochongwa na mtu asiyejua tahajia vizuri. Bei yake ni ndogo kwa sababu soko linalipia mfalme, na mfalme hakugusa randa. Kikague viungo, kikalie ukisikilize, na usikubali mtu akivue rangi.